Kabla ya pesa za dawa, ulizeni kipimo

HYATTSVILLE, Maryland – Habari ikifika kwamba mama nyumbani ana saratani ya matiti, sisi wa huku huanza kuchangishana pesa za dawa. Ulizeni kwanza: uvimbe umepimwa HER2?

Hiyo ni protini iliyo juu ya seli, inayoipa ishara ya kugawanyika. Huzidi kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya sita. Maabara huinasa kwa kingamwili, kisha hutia rangi na kutazama kwa hadubini. Jibu la 0 au 1+ ni hapana. 3+ ni ndiyo.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kipimo hicho pamoja na dawa ya trastuzumab mwaka 1998. Dawa nayo ni kingamwili, tena ghali, na HER2 isipozidi haimsaidii mgonjwa.

Kinyama kilichochelewa kutiwa fomalini huweza kutoa jibu la uongo. Mkiambiwa 2+, daini kipimo cha pili.