Kompyuta Imegoma Kukufungulia? Usikubali Ifutwe Haraka

Familia nyingi za shule yetu hapa Bertrams zina kompyuta mpakato moja tu. Baba anajazia fomu, mama ameweka humo picha na nakala za vyeti, dada mkubwa anajiandaa kwa mtihani wa Matric, na wadogo wanatazama katuni. Siku ikigoma kufunguka, nyumba nzima inasimama. Ukiuliza nani aliigusa mwisho, wote watajibu "si mimi".

Mzazi, kabla ya lolote, usimwambie fundi "fanya unavyojua". Mafundi wa hapa mjini ni wengi na hodari, ila njia nyepesi ya kufungua kompyuta iliyogoma ni kuifomati, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Itafunguka, kweli. Lakini picha za bibi wa Bukavu na kazi ya shule ya muhula mzima zitakuwa zimekwenda. Mara nyingi tatizo ni dogo kuliko hapo. Nitazungumzia Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za nyumbani.

Tazama kwanza jina lililo katikati ya skrini. Ni lako? Kompyuta huonyesha jina la mtu aliyeingia mwisho, na nywila yako haiwezi kufungua akaunti ya kaka yako. Majina mengine yako pembeni chini, upande wa kushoto. Kisha angalia kama kitufe cha Caps Lock kimewashwa, maana kwa kompyuta "Mama" na "mama" ni maneno mawili.

Sasa tufike kwenye tatizo linalozipata sana nyumba zetu, hasa zenye asili ya Kongo au Burundi. Mtu akitaka kuandika Kifaransa, huongeza kibodi ya Kifaransa kwenye kompyuta. Baadaye mtoto anabonyeza Alt na Shift pamoja bila kujua, na kibodi inahama. Vitufe unavyoviona ni vilevile, lakini kompyuta inasoma kingine: A imekuwa Q, W imekuwa Z, na M imekuwa alama ya mkato. Namba za juu nazo hazitoki mpaka ushikilie Shift. Tuseme nywila yako ni mama2015. Utaandika herufi sahihi kabisa, na kompyuta itapokea ,q,qéà&( na kukukatalia. Unaweza kukaa saa nzima ukiapa kwamba nywila ni ile ile, na utakuwa unasema kweli.

Dawa yake ni rahisi. Angalia pembeni chini, upande wa kulia wa skrini: pameandikwa ENG au FRA? Bofya hapo uchague lugha uliyotumia ulipotunga nywila. Pia ukianza kuandika nywila, alama ya jicho hutokea kando yake. Ibofye na ushikilie, uone kinachoandikwa hasa. (Na nywila kama mama2015 ibadilishe leo, tafadhali. Huo ni mfano tu.)

Kuna wanaochanganya nywila na PIN. PIN ni ya kompyuta ile moja tu. Nywila ni ya akaunti yako popote uingiapo. Ukikosea PIN mara kadhaa, Windows itakuambia uandike A1B2C3. Usiogope, si mdukuzi. Inataka kujua kama kibodi inaandika vizuri. Jambo jingine: kama ulibadilisha nywila ya akaunti ya Microsoft kwa simu, kompyuta isiyo na intaneti haijapata habari. Jaribu nywila ya zamani, au iunganishe na Wi-Fi kwenye skrini hiyo hiyo kisha uweke mpya.

Ukisahau kabisa, utabofya pale inapouliza kama umesahau, nawe utatumiwa namba ya uthibitisho kwa barua pepe au simu. Hapa ndipo sisi wahamaji tunapokwama. Akaunti ilifunguliwa Dar es Salaam au Lubumbashi, kwa laini ambayo haipo tena. Namba inatumwa, haimfikii mtu. Ukiomba kubadilisha taarifa zote za usalama kwa mkupuo, Microsoft hukuwekea siku 30 za kusubiri. Kwa hiyo leo, kompyuta ikiwa bado inafunguka, ingia kwenye akaunti uweke namba yako ya Afrika Kusini. Namba ya uthibitisho ikija, usimsomee mtu yeyote anayekupigia simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa Microsoft. Microsoft hawapigi watu simu kuwaambia kompyuta zao zimeharibika.

Wakati mwingine nywila inakubaliwa, halafu vidoti vinazunguka bila mwisho. Betri yako imekufa na unaitegemea chaja peke yake? Basi umeme ukikatika ghafla, kompyuta inazimika katikati ya kazi, na faili za kukufungulia zinaweza kuharibika. Isubiri kwanza, maana huenda inamalizia masasisho. Ikishindikana, kwenye skrini ya kuingia shikilia Shift huku ukibofya kuiwasha upya. Utaletewa menyu ya matengenezo yenye hali salama, ambamo mara nyingi unaweza kuingia na kunakili faili zako.

Skrini ya buluu ikidai tarakimu 48, diski yako imefungwa kwa BitLocker. Tarakimu hizo hazikisiwi, na fundi hana namna ya kuzitunga. Kwa kawaida zimehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiandaa kompyuta mara ya kwanza, kwa hiyo ingia account.microsoft.com kwa simu, sehemu ya vifaa. Ukizipata, ziandike kwenye karatasi uiweke pamoja na pasipoti.

Watoto, mnajua nywila za kompyuta zilianzaje? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, watu wengi walitumia mashine moja, kama ninyi nyumbani. Kila mmoja alipewa nywila na muda wake. Mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, aliona muda haumtoshi. Akaiagiza mashine ichapishe faili yenye nywila za wote, akaendelea kutumia muda wa wenzake. Basi kila mtoto afunguliwe akaunti yake na nywila yake, na akaunti yenye mamlaka ya kubadilisha mambo ibaki kwa mzazi.

Na ukinunua kompyuta iliyotumika, iwashe mbele ya muuzaji. Ikidai nywila kabla hata Windows haijaonekana, au ikionyesha jina la kampuni na kutaka barua pepe ya kazini, irudishe. Hata ikifomatiwa, kufuli la namna hiyo mara nyingi hubaki, na mwenye ufunguo ni mmiliki wa kwanza. Dai risiti yenye namba ya kompyuta hiyo, ile iliyobandikwa chini yake.