Ardhioevu Ndogo za Kuchuja Maji ya Mashambani

Ardhioevu ya kutengenezwa ni bwawa la kina kifupi linalochimbwa kwenye kijito au mwishoni mwa mfereji wa shamba na kuoteshwa matete, ili maji ya mashambani yapunguze mwendo na kuacha uchafu wake kabla ya kufika ziwani. Uchafu huo ni udongo uliomomonyoka, mabaki ya viuatilifu, na fosforasi na naitrojeni za mbolea na samadi. Fosforasi ndiyo hasa hustawisha mwani wa kijani-buluu katika maziwa, na baadhi ya aina za mwani huo hutoa sumu.

Norwei ina uzoefu mkubwa wa kazi hii. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa huko hupewa ruzuku ya kuchimba mabwawa hayo, hasa kusini-mashariki, ambako nafaka hulimwa juu ya udongo wa mfinyanzi uliokuwa zamani sakafu ya bahari. Mashamba yakilimwa kabla ya majira ya baridi, udongo hubaki wazi, na mvua na theluji inayoyeyuka huukokota hadi mitoni. Ziwa Vansjø la eneo hilo, ambalo mji wa Moss hutegemea kwa maji ya kunywa, limesumbuliwa na mwani kwa miaka mingi.

La kushangaza ni udogo wa mabwawa hayo. Eneo la hekta 100 linalomwaga maji katika kijito kimoja huweza kuhudumiwa na ardhioevu ya mita za mraba 1,000 tu. Maji huingia kwanza katika shimo la kina cha mita moja au zaidi, mchanga ukatuama. Kisha hupita taratibu katikati ya mimea, kwenye kina cha nusu mita hivi, na kutoka juu ya kizingiti cha mawe. Mimea hainyonyi uchafu mwingi kama inavyodhaniwa. Kazi yake kubwa ni kuvunja kasi ya maji na kuzuia tope lililotuama lisitibuliwe na mafuriko.

Kwa hesabu za nadharia, chembe za mfinyanzi ni ndogo mno kutuama katika bwawa kama hilo, lakini vipimo vya mtafiti Bent Braskerud vilionyesha kuwa hutuama. Mfinyanzi hauondoki shambani chembe moja moja. Huondoka ukiwa vibonge vidogo, na vibonge huzama upesi. Vikisafiri mbali, husagika njiani. Kwa hiyo bwawa dogo lililo jirani na shamba hufanya kazi ambayo bwawa la mbali haliwezi. Katika vipimo hivyo, fosforasi ilipungua kwa asilimia 21 hadi 44.

Naitrojeni ilipungua kwa asilimia 3 hadi 15 tu. Nitrati huyeyuka majini, haitulii chini; huondolewa na bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na oksijeni, wakaigeuza kuwa gesi. Bakteria hao huhitaji joto na muda, vitu ambavyo maji ya baridi yanayopita haraka hayawapi. Denmark, ambako nitrati ndiyo tatizo kuu, huchimba mabwawa makubwa zaidi, yanayofikia takribani asilimia 1 ya eneo linalomwaga maji.

Bwawa lisilozolewa tope hupoteza nguvu, kwani maji hupita juu kwa kasi ileile ya zamani. Shimo la mwanzo huzolewa kabla halijajaa, na tope hilo, lenye rutuba, hurudishwa shambani mbali na ukingo wa maji.