Mji Uliojengwa Kandokando ya Moto

Jumapili ya tarehe 18 Aprili 2021 moto uliwaka karibu na mnara wa kumbukumbu ya Rhodes, kwenye miteremko ya Devil's Peak, juu ya mji wa Cape Town. Siku haikuisha kabla wanafunzi wapatao 4,000 hawajahamishwa mabwenini. Ukumbi wa kusomea wa Jagger wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliotunza hazina kubwa ya vitabu na filamu kuhusu Afrika, ulibaki kuta tupu. Milango ya kuzuia moto ilijifunga na kuokoa sehemu kubwa ya nyaraka za ghorofa za chini, na kwa maoni yangu waliofikiria kuiweka hawajashukuriwa vya kutosha. Kinu cha upepo cha Mostert, cha mwaka 1796, kilichoezekwa kwa nyasi, kiliteketea.

Wengi wetu tukisikia moto wa nyika tunawaza ukuta wa ndimi unaoshuka mlimani mpaka mlangoni. Mara nyingi nyumba hazichomwi hivyo. Zinachomwa na cheche: vipande vya magome, mbegu na matawi vinavyorushwa na upepo mamia ya mita mbele ya moto wenyewe, vikavuka barabara ya lami bila shida. Kipande kimoja kikitua kwenye majani makavu yaliyosakama katika mfereji wa paa, au kikipenya tundu la hewa chini ya dari, nyumba inawaka wakati moto mkubwa bado uko mbali. Mtu wa Pwani aliyewahi kuona paa la makuti likishika kwa cheche ya jiko la jirani hahitaji kuelezwa mara mbili. Jack Cohen, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba hatima ya nyumba huamuliwa na nyumba yenyewe pamoja na eneo la kama mita 30 kuizunguka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mpango wowote ni ya kuchosha na haina sifa: kufagia majani, kusogeza kuni mbali na ukuta, kuziba matundu kwa wavu wa chuma. Hata pale chuoni, mitende ya mapambo yenye makuti makavu ilishika moto katikati ya majengo.

Mlimani ndiko mambo yanakopinda. Uoto wa asili wa Cape Town, unaoitwa fynbos, ni vichaka vifupi vinavyohitaji kuungua. Baadhi ya mimea ya protea hufungia mbegu zake ndani ya vichwa vigumu mpaka moto upite, na mbegu za mimea mingine huamshwa na moshi. Jamii ya Erica, tunayoijua kutoka nyanda za juu za Kilimanjaro zilizoungua Oktoba 2020, ina mamia ya spishi huko. Fynbos ikikaa miaka 10 hadi 15, au zaidi kidogo, ndipo iungue, inazaliwa upya. Ikiungua mara kwa mara, protea hufa kabla hazijaweka mbegu. Isipoungua kabisa, inazeeka na kurundika kuni za moto ujao. Mipango inayojivunia kuzima kila moto huwa inakopa tu, na deni hulipwa siku yenye joto na upepo mkali.

Dawa yake ni kuchoma kwa makusudi, kazi ambayo askari wa hifadhi wa Tanzania wanaijua kama uchomaji wa mapema. Ila Hifadhi ya Taifa ya Table Mountain, iliyotangazwa mwaka 1998, imezungukwa na mji. Siku zenye unyevu na upepo unaofaa ni chache, moshi unaingia vyumbani, na hakuna ofisa anayetaka jina lake litajwe moto aliouwasha ukimtoroka. Hivyo uchomaji huahirishwa. Namwelewa ofisa huyo, lakini kuahirisha nako ni uamuzi.

Kuna pia miti iliyoletwa na wageni. Misonobari na mikaratusi ina mwili mkubwa kuliko vichaka vya asili, hivyo moto wake ni mkali zaidi na hata udongo huungua. Mpango wa serikali wa Working for Water umekuwa ukiikata tangu 1995, na mwaka 2003 ukazaliwa Working on Fire, unaoajiri vijana wa familia maskini kufyeka barabara za kuzuia moto na kuuzima. Lakini mti una wapenzi wake: wakazi wa mtaa wa Tokai mjini humo walikwenda mahakamani kutetea misonobari inayowapa kivuli wanapotembea.

Sheria ya Afrika Kusini namba 101 ya mwaka 1998 humtaka mwenye ardhi, pale penye hatari ya moto, awe na barabara ya kuuzuia. Inaruhusu pia wenye ardhi kuunda vyama vya kinga ya moto, na hapo ina ujanja ninaoupenda: moto ukitoka kwako ukamdhuru jirani, mahakama huanza kwa kukuchukulia kuwa mzembe, isipokuwa kama wewe ni mwanachama. Watu hujiunga kwa kuogopa kesi, kisha wanajikuta wanashirikiana.

Haya yote ni ya mwenye ardhi, mwenye paa la vigae na gari la kukimbilia. Katika mtaa wa mabanda wa Imizamo Yethu, uliopanda mlima kule Hout Bay, hakuna mita 30 za kusafisha, maana mita moja tu tayari ni kwa jirani. Moto wa Machi 2017 uliwaacha maelfu bila makazi. Manispaa ikaamua mabanda yasirudishwe yalivyokuwa, bali yapangwe upya kwa vitalu, na njia ya gari la zimamoto ipite kati. Kitaalamu uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini kila njia inakula viwanja vya watu, kazi ilichelewa, na katikati ya mwaka huo wakazi waliokuwa bado kwenye makazi ya muda waliingia barabarani kuandamana.