Wahesabuni Konokono kwa Umri Wao

Konokono mkubwa anayejaa mabustanini pwani ya Kenya na Tanzania mvua zikinyesha ni mwenyeji wa huku. Ugenini amekuwa balaa. Mwaka 1966 mtoto mmoja aliingia Miami, jimbo la Florida, Marekani, na konokono watatu kutoka Hawaii, bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye walizidi 18,000.

Watatu tu! Inawezekana kwa sababu konokono hawa ni huntha, kila mmoja ana via vya kiume na vya kike, na akishapandana hutunza mbegu mwilini kwa miezi mingi. Mmoja aliyejificha kwenye chungu cha maua anatosha kuanzisha ukoo mzima. Waliolinganisha vinasaba vyao wamekuta ndivyo ilivyo: huku kwetu na kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi koo ni nyingi, ilhali Asia, Pasifiki na Amerika wengi mno wametokana na ukoo mmoja. Umaskini huo wa vinasaba haujawapunguzia kasi hata kidogo.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kuhesabu vichwa peke yake hakusaidii mahali palipovamiwa karibuni. Tazama umri. Vaa glavu, mshike konokono, upapase ukingo wa mdomo wa gamba. Ukiwa mwembamba, wa kumeguka kirahisi, huyo bado kijana. Ukiwa mnene, ameacha kukua. Utafiti wa visiwa vya Ogasawara, Japani, ulionyesha kwamba vijana hutanguliza mbegu za kiume, na mayai huja baadaye, ukingo ukishanenepa. Basi eneo lililojaa vijana ni eneo ambalo mayai mengi bado yanakuja, mamia kwa mtago mmoja, yakifukiwa udongoni yasikoonekana.

Glavu si madoido. Konokono hubeba minyoo wa mapafu ya panya, anaowapata akila kinyesi cha panya. Mtu akila konokono asiyeiva, au mboga mbichi yenye kikonokono kisichoonekana, minyoo hao huweza kupanda hadi ubongoni na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Osheni mboga vizuri, na watoto wasichezee konokono mikono mitupu.

Florida ilitangaza ushindi dhidi ya konokono hao mwaka 1975. Mwaka 2011 walizuka tena Miami, wakasakwa hata kwa mbwa wa kunusa hadi 2021. Mwaka uliofuata wakaonekana Pasco, wilaya nyingine ya jimbo hilohilo.