Muziki Shuleni: Funzo Kutoka Kenya



Askari yeyote aliyewahi kusimama katika gwaride anaijua nguvu ya ngoma kubwa ya bendi. Inapopigwa, mguu wa mtu wa kwanza na wa mtu wa mia hukanyaga ardhi kwa pamoja. Lakini wapigaji wa bendi hiyo hawakuzaliwa wakijua kusoma noti, walifundishwa. Je, vijana wetu wa sekondari nao wanafundishwa na nani? Tuwatazame majirani zetu wa Kenya.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927. Kila mwaka shule hushindana kwa kwaya, ngoma za asili, mashairi na ala, kuanzia ngazi za chini hadi ngazi ya taifa. Huko kijana wa Kisumu husikia nyimbo za Ukambani, na wa Mombasa huona ngoma za Bonde la Ufa. Hilo si jambo dogo katika nchi yenye makabila mengi. Hata wimbo wa taifa hilo, uliotayarishwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki watano, ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto.

Hata hivyo, tamasha si darasa. Kwaya yaweza kukaririshwa wimbo mmoja kwa miezi mitatu, ikanyakua kombe, na waimbaji wake wasiweze kusoma hata mstari mmoja wa noti. Ndiyo maana mtihani wa Muziki wa kidato cha nne nchini Kenya umegawanywa sehemu tatu: kuimba au kupiga ala mbele ya watahini, kusikiliza na kutambua, na nadharia pamoja na historia ya muziki. Mkono, sikio na akili vyote hupimwa.

Tatizo lilitokea chini zaidi. Mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985 uliuweka muziki katika shule za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipoacha kutahiniwa darasa la nane, shule nyingi ziligawa vipindi vyake kwa masomo mengine. Mwalimu wa sekondari akajikuta anaanza na alifu kwa ujiti kwa vijana waliokwisha kubalehe. Mtaala mpya ulioanza kuingizwa mwaka 2017 umerudisha heshima ya sanaa, na katika sekondari ya juu umeweka mkondo wa sanaa na michezo. Lakini mkondo bila walimu na ala ni jina tu.

Hasara ya kuchelewa inaonekana. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kenya ya Magharibi katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Ngoma zake ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe. Mafundi wake wengi ni wazee, na warithi ni haba. Ngoma hizo tatu ni darasa kamili: kila mpigaji hushika mdundo wake huku akiwasikiliza wenzake.

Nasi tujisaili. Somo la Muziki limo katika mitihani yetu ya kidato cha nne, na Bagamoyo tunacho chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Pia tunayo hazina ambayo hatujaitumia vya kutosha: wanabendi wa jeshi na polisi. Mpiga tarumbeta anapostaafu, huondoka na elimu aliyoikusanya maisha yake yote kazini. Shule iliyo jirani na kambi ingeweza kumwomba awafundishe vijana noti, na ikamwomba mzee wa kijiji awafundishe ngoma.

Mwenzetu akinyolewa, sisi tutie maji. Tusingoje wazee wetu wazikwe na midundo yao ndipo tutafute walimu.