Mkono Mmoja Haulei Mwana: Kumlisha Mtoto Asiyeweza Maziwa

Nimeishika kalamu yangu nikueleze jambo ninaloishi nalo nyumbani kila siku, nalo ni namna ya kumlisha mtoto mdogo ambaye mwili wake unayakataa maziwa. Najua kuna atakayesema, "Hilo nalo ni jambo? Si asinywe tu!" Pole pole, ndugu yangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwanza ujue tunakotoka. Sisi ni Wanandi, na kwa Mnandi maziwa si kinywaji tu, ni heshima. Mgeni akiingia boma letu, kibuyu cha mursik kinashushwa. Wanariadha wetu wakirudi na medali zao hulakiwa kwa mursik pale pale uwanja wa ndege, mkaona wenyewe kwenye runinga. Mboga za kienyeji tunazipika kwa maziwa au krimu, na chai bila maziwa tunaiita strungi, kana kwamba imekosea mtu! Hata serikali iliyapa maziwa cheo. Kuanzia mwaka wa 1979, wakati wa Rais Daniel arap Moi, watoto wa shule za msingi waligawiwa Maziwa ya Nyayo, na wazazi wetu wengi wangali wanayasimulia kwa hamu. Sasa katika boma kama hilo, nani atakuelewa ukisema mtoto wako hanywi maziwa?

Kitindamimba wetu sasa ana miaka mitatu. Hadi miezi sita alinyonya tu, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Alipofika miezi saba, mama alimpikia uji uliotiwa maziwa ya ng'ombe. Haikupita nusu saa, midomo ikafura, mwili ukatoka vipele kama vya kuumwa na siafu, akatapika mara tatu. Wiki moja baadaye alipewa tena kidogo na yakatokea yale yale. Dalili ya mvua ni mawingu. Baba alimpeleka kwa daktari wa watoto, naye baada ya kuuliza maswali chungu nzima na kumpima kwenye ngozi, akasema mtoto ana mzio wa maziwa, au kama tunavyosema huku nje, aleji.

MAMBO MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Hapa naomba tuelewane vizuri, kwa maana hata hapa shuleni watu huchanganya mambo mawili tofauti. Maziwa yana sukari yake, iitwayo laktosi, na yana protini zake.

Sukari hiyo huvunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho laktesi katika utumbo mdogo. Mtu ambaye laktesi yake ni haba, sukari hufika utumbo mpana ikiwa nzima. Huko bakteria huishambulia, gesi inajaa, tumbo linanguruma kama lori linalopanda mlima, na mara mtu mbio chooni. Wale wenzetu ambao chai ya saa nne huwasumbua, huenda shida yao ni hiyo. Inakera, lakini haiui. Watu wazima wengi duniani wako hivyo. Jamii za wafugaji zimepata bahati yake: mwaka wa 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walieleza kwamba wengi katika jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania wana badiliko la jeni linaloufanya mwili uendelee kutengeneza laktesi hata ukubwani. Tena badiliko hilo lilizuka huku huku Afrika, si lile la Wazungu.

Mzio ni habari nyingine kabisa. Hapo adui ni protini. Kinga ya mwili, wale askari wanaotulinda dhidi ya viini vya magonjwa, huiona protini ya maziwa na kudhani ni jambazi. Wanapiga kengele, na vita vinaanza ndani ya mtoto. Dalili zaweza kuja baada ya dakika chache: vipele, uvimbe wa midomo au macho, kutapika, kukohoa na kupumua kwa shida. Kwa watoto wengine huja polepole, baada ya saa nyingi au hata siku mbili tatu: kuharisha, damu kwenye choo, ukurutu, au mtoto kukataa kuongeza uzani. Wa kwetu ni wa zile za haraka.

Tofauti hii ndiyo iliyotuletea mjadala mkali na Kogo, yaani nyanya yetu. Kogo alisema, "Hayo mabichi ya siku hizi ndiyo mabaya. Mpe mursik, mursik ni dawa." Kogo hakuwa amebahatisha tu. Mursik hutengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, yakapozwa na kutiwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, kisha yakaachwa siku kadhaa yagande. Bakteria wazuri hula sehemu ya sukari, ndiyo maana mtu anayesumbuliwa na laktosi huweza kuyanywa maziwa lala au mursik asipate taabu kubwa. Lakini protini zimebaki mle mle! Takriban asilimia 80 ya protini za maziwa ya ng'ombe ni kasini, na kasini haiogopi moto wala mkaa. Kwa hivyo kuchemsha hakusaidii, kugandisha hakusaidii. Maziwa ya mbuzi nayo? Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, hivyo wengi wa watoto hawa huyakataa pia. Samli nayo, ingawa ni mafuta, huweza kubaki na chembe za protini.

MAZIWA HUJIFICHA

Ukidhani kazi imekwisha kwa kuficha birika, umepotea. Maziwa hujificha. Yamo kwenye mandazi ya jirani, viazi vilivyopondwa na siagi, mikate mingine, biskuti, chokoleti, na hata soseji na majarini za aina fulani. Nyumbani kwetu mimi ndiye msomaji wa paketi. Zimeandikwa Kiingereza, na hazisemi "milk" kila mara. Ukiona "whey", "casein" au "butterfat", jua ni yule yule ng'ombe amevaa kanzu nyingine. Paketi isiyo na maandishi hatumpi mtoto.

Kuna pia suala la vyombo. Kijiko kilichokoroga chai ya maziwa kikiingia kwenye uji wake, tayari ni matatizo. Kwa hivyo ana kikombe chake chekundu na kijiko chake, na sufuria ya uji haipikiwi chai.

BADALA YA MAZIWA NI NINI?

Swali zuri. Maziwa yana protini, mafuta, kalsiamu ya mifupa, na vitamini kama B2 na B12. Ukiyaondoa bila kuweka kitu mahali pake, mtoto anaweza kudhoofika au kupata matege. Ndiyo sababu nasema waziwazi: mtu asimwondolee mtoto wake maziwa kwa kusikia maneno ya sokoni. Aende kwa daktari kwanza.

Mama aliendelea kumnyonyesha hadi alipotimiza miaka miwili. Maziwa ya mama hayakumdhuru. Daktari alitueleza kwamba kuna watoto wanaodhurika kwa protini ya ng'ombe inayopitia kwa mama, na hapo mama mwenyewe huacha maziwa na kutafuta kalsiamu kwingine. Mtoto asiyenyonya na ambaye hajafika mwaka mmoja huhitaji maziwa maalumu ya kopo ambayo protini zake zimekatwakatwa. Hayo ni ghali kweli kweli, na huchaguliwa na daktari. Maziwa ya soya ya dukani si mbadala wa titi kwa mtoto mchanga.

Sasa hesabu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu huhitaji kati ya miligramu 500 na 700 za kalsiamu kwa siku. Glasi moja ya maziwa ina kama 300. Zetu tunazitoa wapi? Haba na haba hujaza kibaba.

La kwanza ni wimbi. Gramu 100 za unga wa wimbi huwa na zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, mbali sana na mahindi. Kikombe cha uji mzito hutumia kama gramu 30, basi hapo umeokota 100 hivi. Mama huuchachusha unga usiku kucha, kwa sababu kuchachusha hupunguza vitu vinavyoizuia kalsiamu isiingie mwilini.

La pili ni omena wa Ziwa Viktoria, ambao huuzwa soko letu kila wiki. Hawa huliwa pamoja na mifupa yao, na mifupa ndiyo ghala ya kalsiamu. Mama huwaosha, huwakausha kwenye kikaango, kisha huwasaga wakawa unga laini. Kijiko kimoja ndani ya mchuzi, mtoto hata hajui.

La tatu ni sukuma wiki. Watu hudhani spinachi ndiyo bora kwa kuwa ni laini, kumbe spinachi ina asidi inayoishika kalsiamu isitoke. Sukuma wiki huiachilia vizuri zaidi.

Kwa protini kuna maharagwe, ndengu, samaki, nyama na mayai. Naam, mayai! Kuna watu hudhani mayai ni ndugu ya maziwa kwa sababu huuzwa duka moja. Yai halina maziwa, na kama mtoto hana mzio wa mayai, ale. Vitamini B12 huipata kwenye mayai hayo, nyama na omena. Kwa mafuta tunampa parachichi, ambalo kwetu huanguka lenyewe chini ya mti. Na jua la bure humpatia vitamini D akicheza uani.

Ukija kwetu siku ya kawaida utamkuta asubuhi na uji wa wimbi na ndizi mbivu. Saa nne kiazi kitamu na parachichi. Mchana ugali, sukuma wiki na omena. Jioni wali na maharagwe au ndengu. Kila miezi mitatu hupimwa uzani kliniki, na mstari wake unapanda.

CHUNGU KIMOJA

Nimeeleza chakula, lakini kazi ngumu kuliko zote ilikuwa watu. Mwanzoni mtoto alipikiwa peke yake na kulishwa jikoni, mbali na meza, ili asinyakue kikombe cha mtu. Alilia. Alitusikia tukicheka sebuleni naye yuko jikoni kama mfungwa. Huku nje nako maneno yalianza: eti mama anamnyima mwanawe maziwa ili apeleke lita zote kiwandani auze. Mama yangu alilisikia hilo akitoka kanisani. Hakujibu, lakini siku hiyo hakula.

Baba alituita sote, Kogo na shangazi wakiwemo. Alisema jambo fupi: "Huyu si mtoto wa mama yake, ni mtoto wa boma. Kuanzia leo tunapika chungu kimoja." Tukaamua mboga ya nyumba nzima ipikwe bila maziwa, na anayetaka maziwa ajitilie yake kwenye kikombe, mezani, mbali na mtoto, kisha anawe mikono na akisuuze kikombe. Ndugu zangu wawili walinung'unika wiki ya kwanza. Wiki ya pili walikuwa wakigombea mboga iliyopikwa kwa karanga. Shangazi alipewa kazi ya kuwaeleza majirani, maana mdomo wake ni redio. Mwalimu wa chekechea naye aliarifiwa, akawa anampa strungi wenzake wakinywa chai.

Na Kogo? Kogo ndiye aliyetushinda sote kwa busara. Alitafuta kibuyu kidogo kipya ambacho hakijawahi kuona maziwa, akakisafisha kwa mkaa wa senetwet, akasema hicho ni cha mjukuu wake. Ndani yake hutiwa uji wa wimbi uliochachushwa. Mgeni akija na mursik ikashushwa, kibuyu kidogo nacho hushushwa. Mtoto hukipokea kwa mikono miwili kama mzee, akanywa pamoja na wengine.

Kabla sijatia nanga, mambo mawili ya lazima. Kwanza, mtoto mwenye mzio akianza kupumua kwa shida, kulegea au kuzimia, usimpe maji wala dawa ya mafua ukingoje. Ni hospitali mara moja, kwani tiba yake ni sindano ya adrenalini. Pili, msikate tamaa. Watoto wengi wenye mzio huu hupona wenyewe kadiri wanavyokua, wengi wao kabla ya kuingia shule ya msingi. Lakini kupona huko hujaribiwa mbele ya daktari, si kwa mjomba kumwonjesha kisiri "tuone kama kweli". Wa kwetu atapimwa tena mwakani.

Wanafunzi wenzangu, kesho nanyi mtakuwa wazazi, shangazi na wajomba. Ukiambiwa mtoto wa fulani hali kitu fulani, usiulize kwanza kama mama yake ni mchoyo. Uliza anakula nini, ili akija kwako akikute kimepikwa. Mkono mmoja haulei mwana.