Kuziba Mkuku wa Mashua kwa Epoksi

Msomaji atauliza, karani wa kilimo ana haja gani na mashua? Samaki ni chakula kama mahindi, na mvuvi ambaye chombo chake kimelala pwani ni sawa na mkulima aliyevunjikiwa na jembe wakati wa mvua.

Mkuku ndio unaoburutwa mchangani na kugonga mwamba maji yanapokupwa. Palipochubuka, maji hupenya na wadudu wa baharini hutoboa ubao. Deheni ya mafuta na chokaa hukinga, lakini haijazi shimo. Siku hizi shimo laweza kujazwa kwa epoksi, nayo ni gundi ya vitu viwili: utomvu na kigandishi. Huchanganywa kwanza, kisha hutiwa unga mwepesi wa kujazia mpaka isimame juu ya mwiko bila kuchuruzika. Usiweke filla ya magari badala yake. Ni rahisi, lakini hunywa maji.

Kwanza kwangua ubao uliooza, osha chumvi kwa maji baridi ya kisima, kisha uache ukauke kabisa, hata kama ni siku nyingi. Juu ya ubao mbichi epoksi haishiki. Itabanduka kama ganda.

Sasa kipimo, ambapo wengi huharibu kazi. Epoksi nyingine hutaka sehemu 2 za utomvu kwa 1 ya kigandishi, nyingine 5 kwa 1. Soma kibandiko cha mkebe. Ukizidisha kigandishi ili ikauke upesi, haitakauka upesi. Itabaki laini milele. Tena changanya kidogo kidogo, katika chombo kipana. Ikijaa ndani ya kopo hupata moto yenyewe, hata ikatoa moshi, na jua la pwani huzidi kuiharakisha.

Paka tabaka nyembamba. Ikiisha kuganda huenda ikawa na utelezi kama nta: uoshe kwa maji, ndipo upige msasa uliofungwa juu ya ubao mrefu, maana mkono mtupu hufuata mabonde. Vaa glavu na ufunge pua, kwa kuwa ngozi ikiisha kuichukia epoksi, huwasha kila uigusapo.

Nafasi za kati ya mbao usizijaze epoksi. Mbao hutanuka na kunywea, nayo ngumu itapasuka. Hapo mwachie fundi kalafati na pamba yake.